Barabara Yetu ya Kusini na Njia ya Maji

Katika shule yetu wako wapenzi wa mpira, wako wapenzi wa kwaya, na wako wanaojua majina ya mabasi yote yapitayo Nangurukuru. Mimi ni mpenzi wa barabara yenyewe. Tangu Kidato cha Kwanza ninalo daftari, na kila nisafiripo kwenda nyumbani Mbagala, na kila nirudipo shuleni, huandika humo niliyoyaona njiani: wapi tuta jipya limemwagwa, wapi kalavati limefukuliwa, wapi nguzo za daraja zimetoka ardhini. Rafiki zangu wamezoea kunicheka. Lakini baada ya mvua za mwaka 2024 wengi wao walikuja kuniuliza swali moja: kwa nini barabara nzuri ya lami ikatike kama mkate? Makala haya ndiyo jibu langu.

Kwanza tuijue barabara yenyewe. Yaanzia jijini Dar es Salaam, ambako jina lake ni Barabara ya Kilwa. Yapita Mbagala, Mkuranga na Kibiti, yavuka mto Rufiji, yafika Somanga na Nangurukuru, kisha yaelekea Lindi na Mingoyo. Nangurukuru ndipo sisi tuendao Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko tunapochepuka kushoto kuelekea baharini. Kutoka Dar es Salaam mpaka Lindi ni kiasi cha kilomita 450.

Wazee wetu wanaijua hali ya zamani kuliko sisi. Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakipamba moto safari ilikwama. Mwaka 2003 Rais Benjamin Mkapa alifungua daraja lenye urefu wa mita 970, nalo sasa laitwa kwa jina lake. Hata hivyo, lami haikukamilika siku hiyo. Kipande cha kilomita 60 kutoka Ndundu hadi Somanga kiliendelea kuwa cha udongo kwa miaka mingi, na lami yake ilimalizika katika miaka ya 2010. Kwa hiyo wakubwa wetu waliosoma hapa walisukuma mabasi kwenye tope, ambapo sisi twasinzia kwenye viti.

Sasa tuone jinsi barabara ijengwavyo. Mtu akitazama barabara huona lami tu, lakini lami ni ngozi. Nyama na mifupa vimo chini. Kwanza matingatinga huondoa miti na udongo wa juu wenye mizizi, kwa kuwa mizizi ikioza huacha mashimo. Kisha hujazwa udongo mwema, tabaka juu ya tabaka. Kila tabaka humwagiwa maji kwa kipimo, greda hulisawazisha, na mashine nzito hulishindilia. Maji yakiwa machache udongo haushikani. Yakizidi huwa tope. Wapimaji huchukua udongo wakaupime, na tabaka lisilofikia kipimo hushindiliwa upya au huondolewa. Juu yake huwekwa changarawe, ambayo mara nyingi huchanganywa na saruji ipate nguvu, kisha kokoto zilizosagwa, na mwisho lami.

Hapo utaona jambo la ajabu kidogo. Maji ndiyo yaliyosaidia kuijenga barabara, lakini ikiisha kujengwa, maji huwa adui yake mkubwa. Kazi ya lami, pamoja na kutupatia njia laini, ni kuwa kama makuti ya nyumba: kuyazuia maji yasiingie ndani. Ndiyo sababu barabara haikulala sawasawa kama meza. Katikati ina mgongo, na kutoka hapo huteremka kiasi cha sentimita mbili au tatu kwa kila mita moja, ili mvua ikinyesha maji yakimbilie kwenye mitaro. Ufa mdogo ukiachwa, maji huingia, kokoto hulegea, lori likipita huzipondaponda, na baada ya masika mawili pana shimo la kumeza gurudumu.

Lakini hayo ni maji ya mvua iangukayo juu ya barabara. Yako maji mengine yaliyo hatari zaidi, nayo ni yale yatokayo mbali na kutaka kuvuka.

Tazameni ramani ya wilaya yetu. Upande wa magharibi kuna vilima vya Matumbi, upande wa mashariki kuna bahari. Maji yote ya vilimani hushuka kwenda baharini, na barabara yetu yatoka kaskazini kwenda kusini, yaani imelala katikati ya njia yao. Mito mikubwa kama Matandu na Mbwemkuru yajulikana na kila mtu. Ila kati yake viko vijito vingi ambavyo wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu. Mbuzi hulala humo. Mgeni akipita hatadhani kwamba pale pana mto.

Tuta la barabara likijengwa kukatiza bonde kama hilo, huwa limejenga boma la kuzuia maji bila kukusudia. Lango la boma hilo ni kalavati au daraja. Lango likiwa pana, maji hupita. Likiwa jembamba, au likizibwa na magogo, maji hujikusanya upande wa juu, hupanda, na mwishowe hupita juu ya lami. Hapo ndipo uharibifu huanza, nao hauanzi upande wa juu ambako maji yamejaa, bali upande wa chini yanakoangukia. Yakianguka huchimba mguu wa tuta, udongo huporomoka kidogo kidogo, lami hubaki ikining'inia, kisha huvunjika. Barabara iliyojengwa kwa miaka huweza kukatika kwa usiku mmoja.

Hivyo ndivyo tulivyoona mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu. Maji yalikata barabara mahali kadha wa kadha katika wilaya ya Kilwa, na Somanga pakiwamo. Mjomba wangu ni utingo wa lori la samaki. Alilala siku tatu chini ya lori akingoja njia, na barafu iliyeyuka, na samaki wakatupwa. Huo ni mzigo wa lori moja tu. Kusini hatuna reli. Ile iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Nachingwea ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mtu aliyetaka kwenda Lindi kwa gari bila kupita Somanga ilimlazimu azunguke Iringa, Songea, Tunduru na Masasi, na safari ya kilomita 450 ikageuka kuwa ya zaidi ya kilomita 1,400. Mgonjwa aliyeandikiwa kwenda Muhimbili hawezi kuambiwa azunguke hivyo.

Mafundi walirudisha njia kwa kumwaga mawe na kifusi usiku na mchana. Baadaye kazi ya kujenga madaraja mapya na mapana ilianza. Kabla hayajakamilika, Aprili 2025, maji yalikata njia tena pale Somanga. Watu wengi walikasirika, na wengine walisema, “Si tuliambiwa mvua kama ile huja mara moja katika miaka mingi?”

Neno hilo lataka maelezo. Mhandisi apimapo ukubwa wa daraja hutazama vipimo vya mvua vya miaka iliyopita, kisha huchagua furiko la kulijengea. Akisema “furiko la miaka 50,” hasemi kwamba likija leo litangoja miaka 50 ndipo lirudi. Asema kwamba kila mwaka kuna nafasi moja kati ya 50 ya kuja furiko kubwa kiasi hicho au zaidi. Ni kama kuchagua shanga moja nyeusi ndani ya mfuko wenye shanga 50, na kila mwaka shanga hurudishwa mfukoni. Waweza kuitoa ile nyeusi mwaka huu na mwaka ujao pia. Tena miti ya vilimani ikikatwa, maji hushuka kwa haraka kuliko zamani, na ni kama mtu ameongeza shanga nyeusi mfukoni.

Kwa hiyo mtu akiniuliza barabara njema ni ipi, simwambii ni ile nyeusi na laini. Namwambia ni ile iliyoyaachia maji njia yake. Daraja la Mkapa ni mfano. Wakati wa kiangazi watu huliona refu kupita kiasi, lakini Rufiji ulipofurika mwaka 2024 lilibaki limesimama. Daraja huonekana ghali mpaka siku ya mafuriko; hapo ndipo hujulikana kwamba kalavati dogo lilikuwa ghali zaidi, maana umelinunua mara mbili, na samaki wa watu wameoza.

Msomaji akitaka kujionea, nampa shauri moja. Utokapo Dar es Salaam, keti upande wa kulia wa basi, uone maji yatokako. Urudipo keti kulia vile vile, utaona yaendako. Mkivuka kijito tazama alama ya tope juu ya miti: imefika kimo gani? Kisha tazama mlango wa kalavati: uko wazi au umezibwa na magogo na chupa za plastiki? Ukiona alama ya tope imepita kimo cha barabara, umeona mahali ambapo mvua itarudi kudai njia.

Kujenga madaraja ni kazi ya Serikali na wahandisi wake. Kutokulima ndani ya mtaro, kutotupa takataka mtoni na kutofyeka miti ya vilimani ni kazi yetu sisi tukaao kando ya barabara. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukiziba njia ya maji, yatajifanyia njia yenyewe, nayo huenda ikapita katikati ya safari yako.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne