Dakta V. Shanta na Vitanda 12 vya Adyar
Mwaka 1955 Dakta V. Shanta alikuwa amekwisha kupangiwa kazi ya serikali katika hospitali ya wanawake na watoto mjini Madras, ambao leo huitwa Chennai, kusini mwa India. Kazi hiyo aliiacha. Alikwenda Adyar, kwenye Taasisi ya Saratani iliyofunguliwa mwaka uliotangulia kwa jitihada za Dakta Muthulakshmi Reddy, ambaye dada yake aliuawa na maradhi hayo. Palikuwa na vitanda 12 na madaktari wawili: Krishnamurthi, mwana wa Reddy, na yeye. Miaka mitatu ya mwanzo hakupokea mshahara, na alihamia kuishi humohumo. Wauguzi wazijuao zamu za usiku wataelewa uzito wake.

Wengi walifika wakiwa wamechelewa, kwa hofu au kwa ufukara. Hofu aliipiga vita kwa elimu na uchunguzi wa mapema. Ufukara ulikuwa mgumu zaidi: mwenye uwezo alilipa, na malipo yake pamoja na michango yakambeba asiye nacho.

Mwaka 2005 alitunukiwa Tuzo ya Ramon Magsaysay. Vitanda vilikuwa vimefika mamia. Makazi yake yalibaki palepale hospitalini hadi alipofariki tarehe 19 Januari 2021, akiwa na miaka 93.