Kukata Alumini kwa Mashine za Seremala: Fanya Hivi, Usiumie

Masika iliyopita, mama mmoja wa mtaa wetu alikaa ndani siku kumi na mbili. Hakuwa mgonjwa. Kikanyagio cha mguu cha kiti chake cha magurudumu kilivunjika, na kila aliposukumwa mguu wake uliburuzwa chini. Jina lake liliandikwa kwenye orodha ya wanaosubiri vipuri, na vipuri havikufika.

Mwanawe ni seremala. Aliona aibu kumwona mama yake amefungiwa nyumbani wakati yeye ana drili na msumeno wa umeme. Akapata kipande cha bati nene la alumini, akakishika kwa mkono wa kushoto, akaanza kukitoboa kwa mkono wa kulia. Biti ilipokaribia kutokea upande wa pili ilikwama. Bati likazunguka kama panga la feni, likamkata kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Alishonwa nyuzi sita. Mama akabaki ndani, na sasa nyumba hiyo ikawa na watu wawili wa kuhudumiwa.

Kijana huyo hakukosea kufikiri kwamba seremala anaweza kutengeneza kitu cha alumini. Anaweza. Alikosea njia. Kwa kuwa vijana wengi hapa kambini wamejifunza useremala na baadhi yao wana mashine nyumbani, tumeona vema tueleze njia iliyo salama.

ALUMINI NI KITU GANI?

Alumini ni metali nyepesi na laini kuliko chuma. Kifaa cha chuma chenye uzito wa kilo 3, kikitengenezwa kwa alumini kwa ukubwa uleule, kitakuwa na uzito wa karibu kilo 1 tu. Haili kutu kama chuma. Ndiyo maana hutumika kutengenezea masufuria, fremu za madirisha, ngazi na viti vya magurudumu.

Kwa sababu ni laini, meno ya msumeno wa mbao yanaweza kuikata. Lakini ulaini huo una hila. Alumini ikipata joto hunata kwenye meno ya msumeno na kwenye biti. Meno yakijaa hayakati tena, yanasukuma tu, na hapo ndipo kitu huruka.

Hila ya pili ni hii: chuma kikipata moto mkali huwa chekundu, na kila mtu hukiogopa. Alumini haikuonyeshi rangi hiyo. Huyeyuka kwenye joto la nyuzi 660 za Selsiasi ikiwa bado inaonekana nyeupe. Basi kipande kilichotoka kwenye msumeno sasa hivi kinaweza kukuunguza huku kikionekana baridi.

UTAIJUAJE?

Chukua sumaku, hata ile ya redio iliyoharibika. Sumaku ikishika, hicho ni chuma. Usikikate kwa msumeno wa mbao, kwa sababu meno yatavunjika na kuruka, na cheche zitawasha vumbi la mbao. Sumaku isiposhika na kitu ni chepesi, yaelekea ni alumini. Sumaku isiposhika lakini kitu ni kizito, huenda ni chuma kisichoshika kutu. Kiache.

Uangalifu mmoja zaidi: baadhi ya maganda ya mashine, kama yale ya misumeno ya kukatia miti, hutengenezwa kwa magnesi. Hufanana sana na alumini, lakini machicha yake hushika moto kwa urahisi na huwaka vikali, na ukimwagia maji moto huzidi. Kama hujui kitu kimetoka wapi, usikikate.

MASHINE ZIPI ZINAFAA?

1. Drili. Inafaa sana. Tumia biti za kutobolea chuma, si zile bapa za mbao.

2. Msumeno mwembamba unaokwenda juu na chini, ambao mafundi huuita jigso. Huu ndio bora kwa kazi ya nyumbani. Weka ubapa wa meno madogo wa kukatia metali. Kanuni ni kwamba ndani ya unene wa bati yawepo angalau meno mawili au matatu kwa wakati mmoja. Meno makubwa ya mbao hudaka ukingo wa bati na kulitikisa.

3. Msumeno wa duara. Unafaa kwa vipande virefu na vinene tu, na uwe na meno mengi yaliyotiwa ncha ngumu za kabaidi. Sukuma polepole. Kipande kidogo unachoweza kukishika kwa mkono mmoja usikikate kwa msumeno huu kamwe. Ukidaka, hautakupa nafasi ya kutoa mkono.

4. Jiwe la kunolea panga na visu. Halifai. Alumini huziba vitundu vya jiwe, jiwe hupata moto, na linaweza kupasuka likizunguka. Watu wameumia vibaya kwa njia hiyo. Tumia tupa.

KABLA YA KUWASHA MASHINE

Fagia vumbi lote la mbao mahali utakapofanyia kazi. Waondoe watoto. Tunajua plot zetu ni ndogo na watoto hupenda kutazama, lakini machicha ya alumini huruka mita kadhaa.

Vaa miwani ya kukinga macho iliyoziba na pembeni. Miwani ya jua haitoshi. Ziba masikio. Vua pete na saa. Kitenge, kanga au skafu visining'inie shingoni, na nywele ndefu zifungwe.

Watu wengi huuliza kuhusu glavu. Jibu ni hili: vaa glavu unapobeba bati na unapofagia, kwa sababu kingo zake hukata kama wembe. Lakini zivue unapotumia drili au msumeno. Biti ikidaka uzi mmoja wa glavu, huvuta mkono mzima.

HATUA ZA KAZI

Tuchukue mfano wa kikanyagio kile. Kilikuwa bati la unene wa milimita 4.

Kwanza, kata mfano wa karatasi ngumu ya boksi. Ujaribu kwenye kiti, mwenye kiti akiwa amekaa. Ni rahisi kutupa boksi kuliko kutupa alumini.

Pili, chora mfano huo juu ya bati kwa msumari wenye ncha. Mahali pa matundu, gonga kidogo kwa msumari na nyundo ili biti isiteleze.

Tatu, bana bati mezani kwa klempu mbili au kwa jiriwa. Si moja, mbili. Moja huruhusu bati kuzunguka. Chini yake weka ubao mzima usio na kazi. Bati likiwa jembamba, libane katikati ya mbao mbili nyembamba na ukate zote pamoja. Hapo halitatetemeka.

Nne, toboa matundu kabla ya kukata umbo, wakati bati bado ni kubwa na linabanika vizuri. Anza na biti ndogo ya milimita 3, kisha ifuate ile ya ukubwa unaotaka. Toa biti mara kwa mara ili machicha yatoke. Inapokaribia kutokea upande wa pili, punguza nguvu ya mkono. Hapo ndipo kijana wetu alipokatwa.

Tano, kata kwa jigso nje kidogo ya mstari, ukibakiza milimita 1. Kabla ya kukata, sugua mshumaa kwenye ubapa, na rudia kila baada ya kukata urefu wa kiganja. Nta huzuia alumini isinate. Usitumie petroli wala mafuta ya taa, kwa maana ndani ya mota ya mashine kuna cheche. Ukisikia sauti imebadilika na kuwa kama kilio, simama. Zima, chomoa waya, na usafishe meno kwa brashi.

Sita, malizia kwa tupa mpaka ufike kwenye mstari. Paka tupa chaki ya shule ili isizibe. Kisha ondoa ukali wa kingo zote na za kila tundu, umalizie kwa msasa. Usiache ukingo hata mmoja wenye makali. Mtu asiye na hisia mguuni anaweza kukatwa asijue mpaka kidonda kioze.

KUKUNJA NA KUUNGA

Alumini ngumu ukiikunja pembe kali hupasuka. Ikunjie kwenye ubao uliochongwa mviringo, uigonge kwa nyundo ya mbao.

Mafundi wa zamani wana njia ya kuilainisha. Hupaka sabuni ya kipande, kisha hupasha moto taratibu mpaka sabuni igeuke rangi ya kahawia iliyokolea kuelekea nyeusi, wakaiacha ipoe. Ukiendelea kupasha kupita hapo, bati litayeyuka bila kukuonya. Kumbuka pia kwamba kinacholainika hupungua nguvu. Sehemu inayobeba uzito wa mtu usiipashe moto.

Kwa kuunga, tumia bolti na nati, na washa pana pande zote mbili. Mahali chuma kinapogusana na alumini pakipata unyevu, alumini huliwa polepole. Paka rangi au weka kipande cha mpira wa tairi katikati. Usimpelekee fundi wa kuchomelea mageti, kwani mashine na fimbo zake za chuma hazishiki alumini.

MACHICHA NA MOTO

Machicha makubwa hayana hatari kubwa ya moto. Hatari iko kwenye vumbi laini la tupa na msasa. Vumbi la alumini likichanganyika na vumbi la kutu ya chuma, likapata cheche, huwaka kwa joto la kutisha. Basi usikate chuma na alumini mahali pamoja bila kufagia. Moto ukitokea, usimwage maji. Mwaga mchanga mkavu. Ndoo ya mchanga iwepo karibu kabla hujaanza kazi.

UKIUMIA

Kikikuingia kichicha jichoni, usisugue. Suuza kwa maji safi mengi. Kikiwa kimechoma na hakitoki, usijaribu kukitoa kwa ncha ya kitambaa wala kiberiti. Funika jicho bila kulibana, uende kituo cha afya mara moja. Usitegemee sumaku, kwa kuwa haivuti alumini. Kwa jeraha la mkono, kandamiza kwa kitambaa safi, inua mkono juu, na uende ukashonwe siku hiyo hiyo. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda.

ALUMINI ITOKE WAPI?

Hapa tuseme wazi. Fremu za sola za pampu ya maji, vibao vya njia na vipande vya madarasa si vyuma chakavu. Kijana akikuletea alumini ya bei rahisi usiku, jiulize kesho maji yatatoka wapi. Nunua kwa muuzaji anayejulikana au omba mabaki kwenye karakana.

Tena, usitengeneze vijiko, vikombe wala sahani kwa alumini iliyookotwa na kuyeyushwa. Vyombo vya chakula vya namna hiyo vimepimwa katika nchi mbalimbali na baadhi vimekutwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru akili za watoto.

KABLA YA KUKITUMIA

Kikanyagio si kipande cha bati tu. Kikiwa juu mno, magoti hupanda, uzito wote huenda kwenye makalio, na vidonda huanza. Kikiwa chini mno, hukwama kwenye mawe na kumpindua mtu. Acha nafasi ya sentimita 5 hivi kati ya kikanyagio na ardhi, na vyote viwili viwe sawa kwa kimo. Kisha mwite mhudumu wa watu wenye ulemavu akitazame kabla mwenye kiti hajaondoka nacho.

Kijana wetu alipopona alirudia kazi kwenye karakana, akiwa na klempu mbili, mshumaa na miwani ya kuazima. Ilimchukua alasiri moja. Siku ya mgao uliofuata mama yake alikuwa kwenye foleni, miguu yake yote miwili imekaa mahali pake. Kijana anatueleza kwamba kovu la mkononi humkumbusha kubana bati kabla ya kugusa swichi.

Ndugu msomaji, kama una mashine nyumbani lakini huna klempu wala miwani, usianze. Njoo karakana ya mtaa wako uulize. Kuazima miwani si aibu. Haraka haraka haina baraka, na jicho halina kipuri.