Serikali Kama Mpatanishi wa Mgomo: Funzo la Likasi, 1941

Mgomo, yaani hatua ya wafanyakazi kuacha kazi kwa pamoja ili madai yao yasikilizwe, huiweka serikali mahali pagumu, kwa kuwa hutakiwa kulinda amani na papo hapo kupatanisha pande mbili zisizolingana nguvu. Ugumu huo ulidhihirika Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo ulioitwa Jadotville wakati wa ukoloni, ambako mwanzoni mwa Desemba 1941 wafanyakazi Waafrika wa kampuni ya kuchimba shaba ya Union Minière du Haut-Katanga waligoma, na mgomo ukaenea hadi Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi.

Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeongeza mahitaji ya shaba na kupandisha bei za bidhaa, ilhali mishahara ya Waafrika ilibaki duni. Isitoshe, hawakuruhusiwa kuunda vyama vya wafanyakazi hadi mwaka 1946, na hata hapo chini ya uangalizi mkali wa watawala, hivyo mwaka 1941 hawakuwa na wawakilishi ambao sheria iliwatambua. Tarehe 9 Desemba gavana wa Katanga, Amour Maron, alikabiliana na wagomaji waliokusanyika katika uwanja wa mpira wa Élisabethville, akawataka warudi kazini. Walipokataa, askari walifyatua risasi, wakaua makumi ya watu, akiwemo msemaji wao, Léonard Mpoyi.

Gavana huyo hakuweza kuwa mpatanishi, kwa sababu serikali yenyewe ilikuwa na masilahi katika kampuni: Comité Spécial du Katanga, chombo ambacho theluthi mbili za mapato yake zilikuwa za serikali, kilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Union Minière mwaka 1906 na mwenye hisa zake.

Leo Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika ibara ya 39, inatambua haki ya kugoma, na Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaweka ngazi za kupitia kwanza. Ngazi ya kwanza ni usuluhishi, ambapo mkaguzi wa kazi, ofisa wa serikali anayesimamia utekelezaji wa sheria hiyo, huwaita mwajiri na wafanyakazi wazungumze mbele yake. Wasipoafikiana, shauri hupelekwa kwenye tume ya upatanishi, na ni baada ya njia hizo kushindikana ndipo mgomo unakuwa halali.

Utaratibu huo ni hatua kubwa, lakini hautoshi peke yake, hasa Likasi, kwa kuwa Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière mwaka 1967, ni kampuni ya dola, na hivyo serikali inaweza tena kujikuta mwajiri na mwamuzi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mkaguzi wa kazi anastahili kupewa uhuru, vitendea kazi na mshahara wa kutosha, ili mfanyakazi anayeketi mbele yake awe na hakika kwamba neno lake litapimwa kwa mizani ileile inayopima neno la mwajiri.