Kijiji cha mezani: nyumba inapungua, fizikia haipungui

Tuseme umekaa jioni tatu unakata lile povu jeupe linalokuja ndani ya boksi la TV, na sasa una kanisa dogo lenye mnara wake. Unachukua kopo la rangi ya kupuliza, unapuliza mara moja, unaenda kunawa mikono. Ukirudi, mnara umebonyea na ukuta una mashimo kama umetafunwa na panya. Mimi yalinikuta kwa kanisa langu la kwanza, na ndiyo sababu ya makala haya.

Vijiji hivi ni uwanja wa michezo ya vita ya mezani, ambapo wachezaji husogeza askari wadogo kwa kufuata kanuni. Si mchezo wa jana: mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kanuni zake katika kitabu Little Wars mwaka 1913. Leo tuchukue mfano mmoja unaopendwa: kijiji cha mawe cha Normandy, Ufaransa, mwaka 1944, kwa skeli ya 1:72. Yaani kila urefu unagawanywa kwa 72, na mlango wa mita 2 unakuwa na milimita 28 hivi. Sasa shida iko hapa: nyumba umeipunguza, lakini kemikali, jicho lako na mwanga vimebaki vilevile.

Tuanze na kemikali. Povu lile ni polistaireni, plastiki yenye minyororo mirefu ya molekuli, na zaidi ya asilimia 90 ya ujazo wake ni hewa tu. Rangi nyingi za kupuliza zina viyeyushi kama asetoni. Viyeyushi hivyo hujipenyeza kati ya minyororo na kuiachanisha. Kuta nyembamba za vipovu zinalegea, hewa inatoka, kitu kinanywea. Wala hapakuwa na moto! Maji hayana uwezo huo, kwa hiyo paka kwanza gundi nyeupe ya mbao, acha ikauke, rudia, kisha tumia rangi ya maji kwa brashi. Na kama unakata povu kwa waya wa moto, fungua madirisha au kaa nje, maana moshi wake si wa kuvuta.

Sasa jicho. Ukiitazama nyumba yako kutoka nusu mita, ni sawa na kusimama mita 36 kutoka nyumba halisi (0.5 × 72). Kwa umbali huo, jicho zima linaanza kushindwa kutenganisha vitu vilivyoachana chini ya sentimita 1 hivi. Huo ni karibu upana wa mstari wa udongo au saruji kati ya jiwe na jiwe. Kwa hiyo usijitese kuchonga kila mstari. Chora michache, ubongo wa mtazamaji utamalizia. Ila kosa la upande wa pili linaonekana haraka. Chembe ya mchanga yenye milimita 1 ni jiwe la sentimita 7 kwa askari wako! Barabara inakuwa kama kifusi. Chekecha mchanga, tumia vumbi lake.

Mwisho, mwanga. Nje, jua linatoka upande mmoja, na kivuli chini ya paa kinakuwa kikali. Mezani, mwanga wa taa unagonga dari na kuta, unarudi kutoka kila upande na kuingia kila pembe. Vivuli vinafifia, na nyumba inaonekana kama kitu cha kuchezea. Dawa yake ni kukichora kivuli chenyewe. Chukua rangi nyeusi au kahawia, ichanganye na maji mengi, ipake ikimbilie kwenye mifereji ya ukuta. Ikijikusanya kama matone badala ya kutambaa, ni kwa sababu molekuli za maji zinavutana zenyewe kwa nguvu. Tone moja la sabuni ya vyombo hupunguza mvuto huo. Ikikauka, chukua brashi yenye rangi nyeupe-nyeupe, ifute kwenye karatasi mpaka ibaki karibu kavu, kisha ipitishe juujuu. Itagusa sehemu zilizoinuka tu, pale ambapo jua lingepiga.

Ukimaliza, inama mpaka jicho lako liwe usawa wa askari, kisha fumba jicho moja. Macho mawili kwa pamoja humwambia ubongo kuwa kitu kiko karibu. Ukibaki na moja, taarifa hiyo inapotea na kijiji kinakua ghafla.

Ila kabla ya yote, jaribu rangi yako kwenye kipande cha povu ulichokusudia kutupa. Kinachukua dakika chache. Kanisa langu la pili lilisimama kwa sababu hiyo tu.