Kipande cha shina kinavyogeuka msitu chini ya maji

Mkulima wa muhogo hahitaji mbegu ili apande shamba jipya. Hukata shina la mmea uliokomaa vipande vifupi, akavichomeka ardhini, na baada ya siku chache macho yaliyo kwenye vifundo huchipua. Viazi vitamu hupandwa kwa marando na miwa kwa pingili, kwa kanuni ile ile.

Chini ya maji kanuni hiyo hufanya kazi bila mkulima. Shina likikatwa na rafadha ya boti, likivutwa na wavu au likivunjwa na mawimbi, kila kipande chenye kifundo huweza kuanza maisha mapya mahali kitakapotua. Ndiyo maana kazi ya kufyeka magugu ya majini, isipofanywa kwa uangalifu, huyaongeza badala ya kuyapunguza.

Siri iko kwenye kifundo

Katika kila kifundo, mahali majani yanapoota, kuna jicho dogo lenye uwezo wa kuwa tawi. Kwa kawaida jicho hilo hulala, kwa sababu ncha ya shina hutengeneza homoni iitwayo auksini, ambayo hushuka chini na kuyazuia macho mengine yasichipue.

Shina linapovunjika, amri hiyo ya ncha hukatika. Macho yaliyobaki kwenye shina mama huamka na kutoa matawi mapya. Kipande kilichokatika nacho huanza kuchipua, huku auksini inayojikusanya upande wake wa chini ikichochea mizizi kuota. Hivyo shina moja lililovunjwa huwa mimea miwili, na pengine zaidi.

Mimea ya nchi kavu inayo tabia hiyo pia, lakini mimea inayoishi ndani ya maji imejaliwa nafasi kubwa zaidi ya kufaulu. Kipande cha mmea wa bustani hunyauka haraka kwa kukosa maji, ilhali kipande kilichomo ziwani kimezungukwa na maji pande zote. Majani yake ni membamba, nayo hufyonza maji na virutubisho moja kwa moja hata kabla mizizi haijaota.

Aidha, mashina ya mimea hiyo yana njia za hewa ndani yake. Hewa hiyo hukifanya kipande kielee, kichukuliwe na mkondo au upepo, na kiendelee kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kikiwa safarini.

Baadhi ya mimea haingoji hata kuvunjwa. Mmea uitwao Myriophyllum spicatum, wenye asili ya Ulaya, Asia na Afrika Kaskazini, hujikata wenyewe vipande msimu wake unapofika, na mara nyingi vipande hivyo huwa vimekwisha kuota mizizi kabla ya kuachana na shina mama.

Mmea wa kike ulioteka mito ya Uingereza

Mfano unaojulikana sana ni ule wa elodea, mmea wa Amerika Kaskazini. Ulionekana Ireland mwaka 1836, kisha Scotland mwaka 1842. Katika muda wa miaka michache ulijaza mito na mifereji ya Uingereza kiasi cha kuzuia mashua na kuwasumbua wavuvi.

Kilichowashangaza wataalamu wa mimea ni kwamba karibu mimea yote iliyokuwa huko ilikuwa ya kike. Bila ya mimea ya kiume hapakuwa na mbegu. Uenezi wote huo ulifanywa na vipande vya mashina.

Nchini Marekani, mmea uitwao haidrila uliingizwa Florida mapema miaka ya 1950 kwa biashara ya mapambo ya matangi ya samaki, na mwaka 1960 ukaonekana katika maji ya asili. Haidrila ya Florida nayo ni ya kike tu, lakini imeenea katika maziwa na mito mingi ya jimbo hilo.

Majaribio yaliyochapishwa Marekani mwaka 1980 yalionyesha kuwa karibu nusu ya vipande vya haidrila vyenye duara moja tu la majani viliweza kuchipua tena. Mmea huo pia hujiwekea viazi vidogo ndani ya tope, vinavyoweza kukaa miaka kadhaa kabla ya kuota. Kuudhibiti kumegharimu mamilioni ya dola.

Kuna waliodhani kuwa mmea usiozaa kwa mbegu hauwezi kubadilika, kwa kuwa kila kipande ni nakala ya mama yake. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilithibitika kuwa baadhi ya haidrila za Florida zimepata usugu dhidi ya fluridoni, dawa iliyotegemewa kuziua. Badiliko dogo lilitokea katika chembe za shina lenyewe, nalo likaenezwa na vipande.

Rafiki hapa, adui kule

Si kila mmea wa aina hii ni adui. Ceratophyllum demersum, mmea usio na mizizi kabisa, ni mwenyeji wa maji ya Afrika Mashariki, likiwemo Ziwa Victoria, ambako samaki wadogo hujificha ndani yake. Huko New Zealand, ambako ni mgeni, umewahi kuziba mitambo ya kuzalisha umeme wa maji, nao huenea kwa vipande pekee.

Gugu maji, lililolivamia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, lenyewe huelea juu ya maji, na huzaa kwa vikonyo na pia kwa mbegu. Lakini linafundisha jambo lile lile: kilichoachwa majini baada ya kukatwa hakijafa.

Kwa wakulima wa mwani wa Zanzibar, wengi wao wakiwa wanawake, tabia hiyo ndiyo riziki. Mwani si mmea kamili kwa maana ya kitaalamu, lakini nao hukua kutokana na kipande. Tangu kilimo hicho kianze kibiashara mwaka 1989, vipande hufungwa kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vigingi, na baada ya wiki takriban sita huvunwa, kisha sehemu yake hurudishwa majini kuwa mbegu.

Faida hiyo ina hatari yake. Shamba la nakala za mmea mmoja huwa na udhaifu mmoja. Maji yanapopata joto kupita kiasi au ugonjwa unapoingia, kinachoua kipande kimoja huweza kuua vyote. Ndivyo mwani aina ya cottonii, wenye bei nzuri zaidi, ulivyopungua sana katika mashamba ya Zanzibar.

Tahadhari ni rahisi kuliko tiba

Kwa kuwa kipande kidogo hutosha kuanzisha msitu, kinga huanza na mambo madogo. Boti, rafadha na nyavu zinapaswa kukaguliwa, kusafishwa na kukaushwa kabla ya kuhamishwa kutoka ziwa moja hadi jingine, kwani vipande hivyo hufa vikikauka.

Wanaofuga samaki wa mapambo majumbani nao hawapaswi kumwaga maji na majani ya matangi yao kwenye mifereji, mito au mabwawa. Mimea isiyotakiwa ianikwe juani mpaka ikauke kabisa, ndipo itupwe.

Na pale magugu yanapolazimika kukatwa, yazungushiwe wavu wa kuzuia vipande visitawanyike, kisha yatolewe yote hadi nchi kavu, mbali na mahali yanapoweza kufikiwa na maji. Kinachoachwa kielee leo ndicho kitakachokatwa tena msimu ujao.