Andiko la Utafiti Linavyopimwa

Nkweseko, huko Machame, ndiko kilikowekwa kituo cha mradi wa KiLi, utafiti uliofadhiliwa kuanzia mwaka 2010 na Shirika la Utafiti la Ujerumani (DFG) ili kuchunguza jinsi tabianchi na matumizi ya ardhi yanavyoathiri viumbe wa Kilimanjaro. Fedha za utafiti wa aina hiyo huombwa kwa andiko, yaani hati inayotaja swali, njia ya kulijibu, watu, muda na gharama, ambayo hupelekwa kwa wahakiki, wataalamu wa fani ileile wasio na maslahi katika mradi. Wao hutoa maoni tu, na uamuzi wa ruzuku hubaki kwa kamati ya mfadhili.

Mada nzuri haitoshi, kwa sababu mhakiki makini huitazama kwanza njia. KiLi ilipanga viwanja vya uchunguzi 60, vitano kwa kila aina moja kati ya aina 12 za mazingira, kuanzia savana hadi zaidi ya mita 4,500 juu ya usawa wa bahari, na vihamba, yaani mashamba ya kuzunguka nyumba za wakulima wa mlimani, vikiwamo. Utano huo una sababu: kihamba kimoja kikionekana kuwa na wadudu wengi kuliko shamba la mahindi, huenda chanzo ni samadi ya mwenyewe au mfongo, yaani mfereji wa maji ya kumwagilia, unaopita kando, wala si mchanganyiko wa migomba, kahawa na miti ya kivuli; lakini vikiwa vitano, tena katika miinuko mbalimbali, bahati ya mkulima mmoja haiwezi kudhaniwa kuwa tabia ya mlima mzima. Bajeti nayo husomwa, ingawa mara nyingi ni ili kujua kama mwombaji anaifahamu kazi yake.

Hata hivyo, mizani hiyo hutikisika. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani (NIH) hutumia alama 1 hadi 9, na 1 ndiyo bora. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018, ambamo wahakiki 43 walipima maandiko 25 yaliyokuwa yamekwisha kuombewa fedha huko, ulionyesha kwamba alama mbili za andiko moja hazikukaribiana zaidi kuliko alama za maandiko mawili tofauti.

Ruzuku ya ng'ambo, kwa vyovyote vile, si ruhusa ya kuingia msituni, kwa kuwa kibali cha utafiti nchini Tanzania hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ilhali utafiti wa afya ya binadamu huhitaji pia idhini ya kimaadili. Upo mzigo mwingine usioandikwa katika fomu yoyote: anayetafiti ngano Ulaya haelezi ngano ni nini, lakini anayetafiti kihamba hulazimika kutumia sehemu ya kurasa zake chache kumweleza mhakiki wa mbali kwamba msitu ule wa migomba ni shamba.