Kimo cha Gari kwenye Njia za Mtwara Vijijini

Machi 1866 David Livingstone alifika kwenye mdomo wa Mto Ruvuma akiwa na ngamia, nyati wa Kihindi, baghala na punda. Alitaka kuwashusha hapo hapo, lakini mikoko na tope vilimkatalia, ikabidi msafara urudi kaskazini hadi Ghuba ya Mikindani. Ulipoanza kuelekea bara mwezi uliofuata, jambo lililouchelewesha lilikuwa kimo. Njia ilikuwapo na wenyeji waliitumia kila siku. Ila mtu hupita chini ya tawi ambalo ngamia mwenye shehena halipiti, na kichaka cha nchi ile kilikuwa kimefungamana juu. Wakaajiriwa Wamakonde wenye mashoka kutangulia mbele kukata matawi, na wanyama wakafuata kwa mwendo wa shoka.

Dereva wa leo anayetoka Mtwara mjini na gari refu hukutana na shida hiyo hiyo, na jibu analopewa njiani huwa na kasoro ile ile. Ukiuliza kama njia inapitika, unajibiwa kwa kipimo cha pikipiki au cha Noah. Mwenyeji hasemi uongo, kwa kuwa njia kweli inapitika, ila kwa chombo anachokijua yeye. Gari la kambi, yaani lori au basi dogo lililojengewa kitanda, jiko na tangi la maji, huweza kusimama mita 3 na zaidi kutoka chini hadi paani. Fuso lililopandishwa magunia hufika huko huko. Kwa hiyo swali liulizwe hivi: fuso la mzigo lilipita hapa lini mara ya mwisho?

Katika nchi zenye reli nyingi, kizuizi kinachoogopwa na magari marefu ni daraja la treni. Mjini Durham, Marekani, lipo moja lililokuwa na uwazi wa futi 11 na inchi 8, kama mita 3.56. Magari yaliendelea kuchunwa paa zake pale licha ya vibao na taa za onyo, hadi mwaka 2019 lilipoinuliwa kwa takriban sentimita 20, na hata baada ya hapo yameendelea kuligonga. Mtwara haina daraja la namna hiyo. Reli ya kwenda Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga baada ya Vita Kuu ya Pili, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vizuizi vyetu vya juu ni matawi ya mikorosho na miembe, nyaya za umeme, mapaa yaliyochomoza kwenye vichochoro vya Mikindani, na vitambaa vya matangazo vinavyofungwa toka nguzo hadi nguzo wakati wa sherehe. Daraja la Durham angalau linajulikana kwa sentimita, kiangazi na masika. Vya kwetu huota, hulegea, hushuka na kuhamishwa, na hakuna kibao kinachoweza kuandika kimo cha tawi. Ramani ya kwenye simu nayo haikuulizi gari lako lina kimo gani. Inachagua njia fupi, na njia fupi kati ya Mtwara na Mahurunga inaweza kuwa ile inayopita katikati ya shamba la mtu.

Kazi huanza nyumbani, kwa futi kamba. Lisimamishe gari mahali tambarare, matairi yakiwa na upepo wake wa kawaida, upime hadi kitu cha juu kabisa: keria, paneli ya jua, kifuniko cha kiyoyozi, antena. Pima likiwa tupu pia, kwa sababu springi huinuka mzigo ukitoka, na gari lililopenya asubuhi likiwa na shehena huweza kugota jioni likirudi bila kitu. Andika namba hiyo kwa kalamu ya wino mzito mahali dereva anapoiona akiwa ameshika usukani. Juu yake ongeza sentimita 30 za tahadhari, na kwa nyaya za umeme hata hizo hazitoshi.

Kisha kuna mambo mawili ambayo futi kamba haiyaoni. La kwanza ni bonde. Gari lenye mwili mrefu likivuka kijibonde, magurudumu ya mbele yakiwa ukingo mmoja na ya nyuma ukingo wa pili, katikati ya paa hubaki juu zaidi ya vile ungedhani ukipima kutoka sakafu ya bonde. Tawi lililo juu ya kalavati lililoonekana liko mbali linakuta paa. La pili ni ulalo. Chukua gari lenye upana wa mita 1.8 kati ya gurudumu na gurudumu, na kimo cha mita 3.3. Upande mmoja ukizama sentimita 15 kwenye mfereji wa tairi, kona ya juu inaegemea pembeni kwa zaidi ya robo mita. Ndiyo maana magari mengi hayaumii paani, bali kwenye bega, kwa shina la mwembe lililosimama kando ya njia na ambalo dereva aliliona vizuri kabisa.

Kuhusu matawi, msimu una neno kubwa. Mvua za kusini hunyesha kwa mfululizo mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Tawi lenye majani mabichi yaliyolowa huinama, kisha hupanda tena likikauka. Njia uliyopita Septemba bila kuguswa na jani inaweza kukukwaruza Februari. Lakini korosho yenyewe inatusaidia. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mkoani mwaka 2007, zao hukusanywa kwenye maghala ya vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS), na malori huingia vijijini kulibeba. Njia ya kwenda ghala la AMCOS ni njia iliyokwisha kupitiwa na malori na kukatwa matawi kila msimu. Kama una njia mbili kwenye ramani na hujui ipi ya kushika, shika ya ghalani, hata ikiwa ndefu. Ujue tu kwamba kipindi cha mavuno utakutana na malori hayo ana kwa ana, na mmoja wenu atarudi kinyumenyume hadi penye upenyo.

Nyaya zinataka maneno zaidi, kwa sababu tawi hukwaruza rangi na waya huua. Umeme umeingia vijiji vingi vya mkoa huu, na hilo ni jambo la kushukuru. Juu ya njia zetu zipo nyaya za aina mbili. Zipo za majumbani, volti 230 na 400, ambazo mara nyingi huvuka njia zikiwa chini kuliko zote. Na zipo za msongo wa volti 11,000 na 33,000, zilizo tupu bila ganda. Hizi za pili hazihitaji kuguswa: umeme wake huweza kuruka pengo la hewa na kulifikia gari. Waya hurefuka ukipata joto na kuning'inia zaidi, kwa hiyo waya wa saa nane mchana uko chini kuliko wa alfajiri. Nguzo iliyosimikwa kwenye mchanga nayo huinama wakati wa masika, na waya hushuka pamoja nayo.

Ipo desturi ya utingo kupanda paani na kuinua waya kwa mti mkavu ili gari lipite. Nawasihi madereva waiache. Mti unaoonekana mkavu huwa na unyevu ndani, hasa katika hewa ya pwani, na kijana aliyesimama juu ya bati hana pa kukimbilia. Usipime waya kwa ufito wala kwa futi kamba. Kipo kipimo cha macho. Kunja karatasi ya mraba kona kwa kona upate pembe ya nusu mraba. Shika ukingo wake wa chini ulingane na ardhi, kisha rudi nyuma kutoka chini ya waya, kwenye ardhi tambarare, hadi waya uonekane sawasawa na ukingo wa mshazari. Umbali kutoka uliposimama hadi chini ya waya, ukijumlisha kimo cha jicho lako, ndicho kimo cha waya. Fanya hivyo mchana wa jua kali. Ukiona nafasi ni finyu, waite TANESCO au geuza gari.

Na gari likishagusa waya? Kaeni ndani. Msishuke, na anayekuja kusaidia asisogee wala kulishika gari. Subirini umeme ukatwe na wenye mamlaka. Moto ukiwalazimisha kutoka, mtu aruke mbali miguu yote ikiwa pamoja, asiguse gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha aende kwa kurukaruka au kwa hatua ndogo za kuburuza nyayo zikigusana.

Safari yenyewe ikaguliwe kwanza kwa bodaboda. Ajiri kijana wa kijiji husika, beba mwanzi uliokatwa sawa na kimo cha gari pamoja na ile tahadhari, usimamishe chini ya kila tawi linalokutia shaka, penye nyaya uulaze kabisa. Barabara kuu na za mkoa zipo chini ya TANROADS, za wilaya na vijiji zipo chini ya TARURA, na ofisi zote mbili hujua kalavati lililosombwa kabla ramani haijajua. Mei 2024, mvua za wakati wa Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kuu ya kusini maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, hata aliyekuwa na njia nzuri ndani ya Mtwara hakuwa na namna ya kurudi Dar es Salaam kwa barabara hiyo.

Msimbati, penye ufuko, ndiko wengi wanakotaka kwenda, na huko shida hushuka kutoka paani hadi uvunguni. Njia hupita Madimba, kwenye mtambo wa gesi, kisha mchanga unaanza. Ukipunguza upepo wa matairi gari linatulia mchangani na paa linashuka sentimita chache, ila uvungu nao unapungua na mdomo wa kalavati unakusubiri. Ufuko wenyewe uacheni. Upo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, na kasa hutaga kwenye mchanga huo huo. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka mita 3 na zaidi, na gari zito lililonasa maji yakiwa yamekupwa lina saa chache tu.

Anayetaka kuvuka kwenda Msumbiji ana Kilambo na ana Daraja la Umoja. Kilambo iko karibu na mjini, lakini kuvuka kwake kunategemea kivuko, maji kujaa na mafungu ya mchanga, na gari lenye mkia mrefu hukwaruza likipanda ngazi ya kivuko. Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720 na lililofunguliwa mwaka 2010, liko Mtambaswala. Ni mzunguko wa zaidi ya kilomita 300 kupitia Masasi na Mangaka. Kwa gari refu, mimi ningezunguka. Na popote kando ya mto, ripoti kwanza polisi na serikali ya kijiji: vita vya Cabo Delgado, huko Msumbiji, vilivyoanza mwaka 2017 vilivuka Ruvuma Oktoba 2020, kijiji cha Kitaya kiliposhambuliwa, na hali ya usalama ya wiki hii wanaijua wao.

Jambo la mwisho la kuandika kwenye karatasi ya safari ni pa kugeuzia. Gari la mita 8 haligeuki kwenye njia ya upana wa mita 3 yenye mikorosho pande zote. Wakati wa ukaguzi wa bodaboda, weka alama kila uwanja wa shule, kila ghala, kila njia panda, na kilomita kati ya kimoja na kingine, ili dereva akikuta waya umelala ajue atarudi kinyumenyume umbali gani.